Uso wa Arletha

Picha haitoki jasho, lakini asubuhi ile Arletha alipoingia chumba chake cha kazi, huko kisiwani St. Helena, alikuta kwapa la picha yake limelowa. Akalinusa. Lilinuka kama ndoo ya matumbo ya samaki iliyosahaulika juani, akarudi nyuma ameziba pua.

Ilikuwa picha ya kitambaa, urefu wake mwenyewe, imeshonwa kwa magauni yake ya zamani kama mfuko wenye umbo la mtu, na kupakwa rangi. Miaka yote Arletha aliwauzia watalii wanawake weusi wasio na uso: kilemba, kikapu, sketi pana, na mahali pa uso patupu. Watalii waliwapenda hivyo hivyo. Kisha wanawake wa kikundi cha sanaa cha kanisani wakakubaliana kila mmoja ajichore mwenyewe, na Jonette, ambaye mdomo wake hauna breki, akamwambia mbele ya wote, “Wewe shoga unachora sahani. Safari hii tuletee uso.”

Maneno yalimchoma. Akauchora: kovu la nyusi, pengo la meno, macho ya marehemu mama yake. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kujiona ndani ya kazi yake, akalia peke yake mpaka kamasi zikamtoka.

Akafuta lile jasho, akajiambia ni unyevu. Asubuhi iliyofuata kitambaa kilikuwa kimetanuka magotini. Asubuhi nyingine, alipokigeuza, alikuta ndani kuna ute wa manjano, mzito, wenye vipande vidogo vya nyama vilivyonata kwenye mishono, na kidole kilipozama humo akakimbilia sinki kutapika. Naye mwenyewe alikuwa anaamka hoi, kifua kinauma kana kwamba mtu alikikalia.

Akamwita Shangazi Vermelle, dada wa baba yake. Shangazi hakuitazama picha. Alitazama madirisha, mbao zake zimekwanguliwa rangi.

“Nani kakwangua buluu ya mama yangu?”

“Mimi, shangazi. Nilitaka ile ile ya bibi. Nimeisaga, nimeipaka kwenye gauni la picha.”

“Ulidhani urembo ule?” Shangazi akashusha sauti. “Mtoto we, hilo ni jinamizi. Halina ngozi. Linaogopa buluu ya dirishani, linaiona maji, na maji halivuki. Umelikwangulia njia, halafu ukalishonea vazi.”

“Si buluu iko kwenye gauni?”

“Umeipaka nje. Lenyewe linaingilia ndani.”

Dawa ilikuwa chumvi na pilipili manga, kusugua upande wa ndani wote. Arletha aliushika uso wa kitambaa kwa mikono miwili.

“Utaharibika, shangazi. Maonyesho Jumamosi. Sina uso mwingine.”

“Unao. Huo uliouvaa. Likishakinai kitambaa litataka huo.”

Wakasugua, ute ukiwachuruzika viganjani. Wakapaka madirisha buluu mpya, wakaacha moja, lipate pa kuingilia. Kabla hakujapambazuka walikuwa wamejibanza nyuma ya mlango wa jikoni.

“Usipumue kwa nguvu,” Shangazi akanong'ona.

Harufu ilitangulia, kisha ukasikika mlio wa kitu kibichi kikiburuzwa kwenye kizingiti cha dirisha, na Arletha, ambaye alikuwa ameapa kutotazama, akatazama, akaliona limesimama chumbani, jekundu tupu, mishipa inatetemeka juu ya nyama na mafuta yanadondoka kutoka kwenye viwiko, likijipenyeza mguu baada ya mguu ndani ya ngozi yake ya kitambaa kama mtu avaaye soksi za kubana, likavuta mpaka shingoni, likauweka uso wa Arletha sawasawa, likatabasamu kwa pengo lake, na hapo chumvi ikaliuma.

Lililia kwa sauti ya Arletha mwenyewe. Midomo ya rangi ikababuka, mashavu yakafura, na lile jitu likajichomoa humo likiacha vipande vya nyama, likatokomea ukumbini, zilikotundikwa zile picha za kuuza zisizo na uso. Walipowasha taa walikuta alama ya mafuta sakafuni, ikiishia ukutani, chini ya picha hizo. Shangazi akalipaka dirisha la mwisho.

“Limekwenda,” akasema, na Arletha alitaka sana kumwamini.

Jumamosi aliitundika picha yake hivyo hivyo, imebabuka. Wanawake wa kikundi waliizunguka. Hata Jonette alishindwa kuchokoza, akamshika tu mkono. Siku hiyo hiyo mtalii mmoja kutoka Ohio alifika nyumbani kwake akanunua picha ya ukumbini, mwanamke mwenye kikapu, na Arletha akaifunga mwenyewe kwa karatasi bila kuikagua.

Baada ya wiki yule mtalii akapiga simu.

“Nimekupigia kukushukuru kwa uso,” alisema. “Sikuuona nilipoinunua picha. Mume wangu anadai haukuwepo.”

Arletha akakaa chini. “Huo uso una pengo la meno?”

“Ndiyo, na kikovu cha nyusi. Mzuri kweli. Ila mdomoni rangi inabanduka, na samahani kuuliza, hizi picha huwa zinanuka? Tumeiweka chumbani kwetu, na tunaamka tumechoka mno.”

“Mama, itoe humo. Sugua chumvi nyuma yake. Sasa hivi.”

Yule mtalii akacheka kidogo.

“Ajabu,” akasema. “Wewe na huyu wa pichani mnafanana hata sauti.”