Nyumba Tupu Kifuani

Titi la kushoto liliota vipele vya baridi saa nane mchana, siku ambayo feni ilikuwa ikizungusha joto tu. Fundi cherehani aliviona alipofungua kifungo cha blauzi ili ajipepee. Mikono haikuwa na vipele. Titi la kulia lilikuwa na jasho.

"Wifi, hebu njoo uguse hapa."

Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alikuwa akipiga pasi suruali ya mteja. Alikuja akicheka. "Miezi miwili unalificha kama mchumba, leo ndiyo unalitembezea wageni?" Akagusa. Kicheko kikakatika. "Lina baridi kama chupa iliyotoka kwenye friji."

Mwaka uliotangulia, saratani ilimwondolea fundi titi hilo. Kisha alitengenezewa jingine: mfuko wa silikoni, na kipande cha ngozi cha kuushikilia usishuke. Ngozi ilikuwa ya mtu aliyekufa, aliyeacha ruhusa isaidie wengine. Daktari mpasuaji, mwanamke mpole asiyependa kuharakisha maelezo, alisema ngozi hiyo huoshwa seli zote za mwenyewe, zikabaki nyuzi tu.

"Ifikirie kama nyumba tupu," alisema. "Mwili wako utahamia humo polepole, mwisho itakuwa nyama yako."

Fundi alitia saini. Alikuwa amechoka kujaza pamba upande mmoja wa nguo alizojishonea.

Siku ya pili ikaja harufu. Haikuwa ya usaha. Kidonda kilikuwa kimepona. Ilikuwa harufu ya chumba kilichofungwa muda mrefu, na ilitoka kila alipoinama kupitisha uzi kwenye sindano.

Siku ya tatu alisimamisha cherehani ghafla.

"Umesikia?"

"Nini?"

"Nyamaza. Sogeza sikio."

Wifi aliweka sikio kwenye blauzi. Alisikia moyo. Kisha, nyuma ya moyo, akasikia kitu kizito kikiburutwa, kikasimama, kikaburutwa tena, kama mtu anayehamisha kabati kwenye sakafu ya saruji na kupumzika katikati. Baada yake ulisikika ufagio.

"Mtu anafagia," alinong'ona.

"Usiseme kwa sauti. Nikisema, ananyamaza kunisikiliza."

Kufikia mwisho wa juma vipele vilikuwa vimevuka bega na kushuka hadi kwenye vidole. Ijumaa mchana, fundi akiwa ameshika mkasi kwa mkono wa kulia, mkono wa kushoto uliondoka mezani bila yeye kuuambia, ukaanza kupapasa ukuta, juu, chini, juu tena, kama wa mtu anayetafuta swichi ya taa katika nyumba asiyoizoea. Ulipoipata, uliiwasha.

Wifi alizima pasi. "Vaa viatu. Tunakwenda."

Daktari alipitisha kipimo juu ya titi mara tatu. Kwenye skrini mfuko ulikuwa mahali pake, hakukuwa na maji wala uvimbe.

"Picha ni safi," alisema.

"Daktari, samahani, mimi si msomi," wifi alisema. "Ulimwambia ngozi ile ni nyumba tupu. Nyumba tupu kwetu sisi haikai hivyo hivyo. Ikikosa mtu, hupata mwingine. Ninyi mlipoiosha mkaiacha wazi, nani alilinda mlango?"

Daktari hakucheka. Aliinuka, akafunga mlango wa ofisi, akaketi karibu na mgonjwa.

"Kuna kitu sikukwambia," alisema kwa sauti ya chini. "Ngozi hiyo ina pande mbili. Ili tusikosee, tunadondosha damu ya mgonjwa kila upande, kisha tunasuuza. Upande mmoja hunywa damu ukabaki mwekundu, huo tunauelekeza kwenye nyama. Wa pili huikataa, damu inaondoka."

"Na wangu?"

"Zote mbili zilikunywa. Muuguzi aliniuliza tufanyeje. Pakiti ilikuwa imeshafunguliwa, na wewe kifua kilikuwa wazi. Nikamwambia tushone."

Fundi alitazama mkono wake wa kushoto. Ulikuwa umelala pajani, kiganja juu, kama unaosikiliza.

"Litoe," alisema. "Mfuko, ngozi, kila kitu. Nitarudi kwenye pamba yangu. Nataka kubaki mwenyewe humu."

Walimpasua Jumatatu asubuhi. Mfuko ulitoka bila shida. Kisha daktari alitafuta ukingo wa ile ngozi, pale alipoishona kwa mkono wake, akafuata mshono kutoka ubavuni kwenda katikati ya kifua, asiuone, akarudi, akaomba taa isogezwe, akatafuta tena kwa ncha ya kidole, na chini ya kidole nyama ilikuwa moja tu, nyekundu, yenye uhai, isiyo na mahali pa kuanzia wala pa kuishia, na alipoiwekea kisu, mtaalamu wa usingizi akasema mapigo yanashuka, alipokiondoa yakapanda, alipokirudisha yakashuka tena, mpaka muuguzi akamwomba kwa kunong'ona wafunge, dokta, tafadhali, wafunge.

Wakafunga.

Wifi alikuwa amesimama kwenye korido, mkoba kifuani.

"Mfuko nimeutoa," daktari alimwambia. "Ngozi sikuikuta."

"Imekwenda wapi?"

"Haikwenda popote. Imekuwa yeye. Au..." Akageukia mlango wa wodi. "Hajaamka bado. Kaa naye."

Wifi alisukuma mlango. Fundi alikuwa amelala chali, macho yamefumbwa, bandeji imekaza kifua kilicho bapa. Alipumua polepole, kama walalavyo waliopewa dawa. Wifi akamwita kwa jina lake la utotoni, lile ambalo marehemu mume wa fundi tu ndiye aliyeendelea kulitumia. Hakuna kope iliyotikisika.

Lakini mkono wa kushoto uliinuka kutoka kwenye shuka, ukapiga kitanda taratibu, pale pembeni, mahali pa mgeni kuketi. Midomo ikafunguka. Sauti ilikuwa ya fundi, ila ilitoka chini sana.

"Ingia, usisimame mlangoni. Mwenye nyumba amelala."