Folda ya Mkwe

Kiigasauti kiliweza kupokea simu mia tatu kwa siku kwa sauti ya mmiliki wake, kikacheka panapochekesha na kushusha pumzi panapohuzunisha. Mji mzima wa Same ulikitumia. Aliyekibuni, Mhandisi Nakiete, alikipa chake agizo moja tu: asisumbuliwe akiwa kazini.

Leo alikuwa kwenye ghala la rekodi, mbele ya skrini nyeusi. Binti yake, Nambike, alikufa katika mgodi wa mwezini, na kesho ilikuwa arobaini yake. Nakiete alitaka kusikia sauti yake ya mwisho. Kila mashine aliyoiandikia jina la binti ilimjibu, "Nambike hayupo."

"Hizo hukupa ulichouliza," alisema Kibacha, mtunza ghala. "Hii kongwe hukuonyesha kilichopo. Andika pwd, ikwambie uko wapi. Loo, dada! Mhandisi mzima unaigusa kibodi kama pasi ya moto?"

Nakiete hakucheka. Aliandika, skrini ikajibu: /ghala.

"Sasa ls, uone folda zilizomo. Kuingia, andika cd na jina la folda. Ukipotea, cd na nukta mbili, unarudi nyuma."

Akaingia folda ya simu, kisha ndani yake folda ya nakiete, akaandika ls. Zikatokea tatu: kiwanda, wizara, mkwe.

"Mama mkwe alikuwa anakupigia?" Kibacha aliuliza.

"Alishafariki zamani. Binti yangu alipewa jina lake. Kwetu mkwe hatajwi jina, kwa hiyo nilimwita Mkwe tangu ananyonya." Akarudisha vidole kwenye kibodi. "Naye alipopiga alijitaja hivyohivyo."

cd mkwe. ls. Rekodi mia mbili na kumi na moja! Nakiete hakuwa na habari ya hata moja. Kibacha akamfungulia ya mwisho.

"Shikamoo Mama, ni Mkwe wako. Hewa huku inatuishia. Wanasema chombo cha uokoaji hakitawahi."

"Marahaba, mwanangu," ilijibu sauti ya Nakiete, tulivu kabisa. "Pole sana."

Kisha Nambike akasema, "Mama hajawahi kuniita mwanangu." Akakohoa. "Haya, wewe mashine, nakuomba umwite. Mwambie ni Mkwe. Nangoja."

Rekodi iliendelea kwa dakika thelathini na saba, pumzi tupu. Nakiete alizisikiliza zote huku akilia kwa sauti, na Kibacha hakuthubutu kumnyamazisha. Tarehe aliikumbuka vizuri. Siku ile alishinda ofisini, akikifundisha kiigasauti kusema pole.