Dirisha la Kushoto

Jua lilikuwa linazama msafisha picha aliporudi studio kutoka kupeleka fremu kwa mteja. Duniani hakumshuku mtu yeyote isipokuwa Bi Risiti, karani wa kaunta, na huyo alimshuku siku zote.

"Shoga, nimekufungulia ile picha ya binti yako kwenye kompyuta," alisema Bi Risiti, akijipaka mafuta ya midomo. "Si ulisema shule wanaitaka leo, la sivyo mtihani hafanyi? Nimekupunguzia kazi. Ila sijui dirisha limekwenda kufungukia wapi."

Msafisha picha akageukia chumba cha ndani, iliko mashine.

"Umeifungulia kwenye mashine gani?"

"Kwani tunazo ngapi?"

Walikuwa nayo moja. Ya Brashi.

Brashi, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa akisafisha picha kabla yake, akifuta mabaka na makovu kwa kompyuta. Alitumia skrini tatu, na picha zote alizifungulia kwenye ile ya kushoto. Katika studio ile hakuna aliyethubutu kufunga kazi ya mwenzake, kwa hiyo hata alipofariki ghafla madirisha yake yaliachwa wazi. Matanga hayajaisha, bosi akaichomoa skrini ya kushoto, kazi ya marehemu ingali inawaka, akaenda nayo kwake kutazamia mpira. Mezani pakabaki alama ya vumbi. Na tangu siku hiyo kila picha iliyofunguliwa ilikwenda kufungukia palepale... pasipo na skrini.

"Kompyuta inakumbuka dirisha lilipokuwa mara ya mwisho," mtaalamu wa kompyuta alieleza, kwa sauti ya mtu anayelipwa kwa saa. "Livute tu kwa kibodi, mama."

Msafisha picha alilivuta, likarudi. Lakini picha zilirudi zimeshasafishwa. Kwanza alimshuku Bi Risiti kwamba anachezea mashine yake. Bi Risiti naye alimshuku kuwa ana mganga. Walinuniana, wakapatana, wakanuniana tena. Kisha dereva wa lori akaja kuchukua picha yake. Baka alilokuwa nalo shavuni lilikuwa limetoka kwenye picha.

Lilikuwa limetoka na shavuni pia.

"Mna mkono mwepesi nyie," dereva alisema, akijipapasa. Hakucheka.

Mwanamke mwenye shahada yake haendi kwa bosi na habari kama hiyo. Aliapa tu kimoyomoyo kwamba uso wa mwanawe hautafunguliwa kwenye mashine ile. Na sasa...

Akaketi. Skrini mbili zilizobaki zilikuwa tupu. Kushoto hapakuwa na kitu ila ukuta. Palinukia dawa ya kuchua, ile ambayo Brashi alikuwa akijipaka kwenye vifundo vya mikono.

Tk.

Mikono yake ilikuwa mapajani. Haikuwa kwenye kipanya.

Tk... tk... tk.

"Unasikia?" aliuliza.

"Nasikia njaa," Bi Risiti akajibu kutoka kaunta. "Fanya upesi nifunge."

Akaikamata kibodi, akalivuta dirisha. Halikuja. Akalivuta tena. Kitu kililishikilia kule, kwa upole kabisa, kama mtu anayesema: ngoja kidogo, sijamaliza.

"Brashi," alinong'ona, machozi yakimlenga. "Huyo ni mwanangu. Nakusihi... usimfute kitu."



Tk moja, ya mwisho. Dirisha likaja lenyewe, taratibu, likatulia katikati.

Alimkagua bintiye kama mkunga anavyokagua kichanga. Kovu la kwenye nyusi, lipo. Kidoti cha shingoni, kipo. Mwanya wa meno, upo. Hakuguswa hata unywele. Alicheka peke yake kama mwehu, akaituma picha shuleni bila kutazama kingine, na jibu likaja papo hapo: imepokelewa. Mtoto atafanya mtihani.

Ndipo alipotazama bega la mtoto.

Picha ile walipiga wawili, binti mbele, yeye nyuma, mkono wake begani kwa mwanawe. Shule ilitaka mtoto peke yake. Kujifuta kwenye picha ilikuwa kazi ndogo tu, angeifanya mwenyewe. Ilikuwa imeshafanywa, tena kwa ufundi wa kuogofya. Hata mikunjo ya blauzi, pale vidole vyake viliposhika, ilikuwa imenyooshwa.

"Bi Risiti," aliita.

Bi Risiti akachungulia ndani, akatazama kiti.

"Na huyu naye! Kaondoka hata kuaga hakuna." Akasonya, akazima taa.

"Niko hapa! Shoga, niko hapa!"

Ufunguo ukazungushwa kwa nje. Gizani, simu yake ikaita. Binti. Akaipokea kwa mikono miwili, akaita jina la mwanawe kwa nguvu zake zote.

"Haloo? Mama?... Haloo?"

Akasikia sauti ya mtoto ikigeukia pembeni, bila wasiwasi wowote.

"Bibi, simu imepokelewa. Ila hakuna mtu."