Mkono Alioapa Kuujua

Walikutana kwenye lango la kiwanda cha sigara nene, saa ya kubadilishana zamu, watu wakisukumana. Mwanamke alikuwa msokotaji, gauni la kijani, kilemba kimeshika harufu ya tumbaku. Mwanamume alikuwa mwonjaji, shati jeupe, kola imesimama kwa pasi. Akamkanyaga mguu.

"Samahani, dada."

"Samahani haiponyi kidole, kaka. Ninunulie chai."

Chai ikazaa simu, simu zikazaa mapenzi. Jioni mwanamume alimfundisha kuonja: majani ya ndani yana utamu wa karanga, jani la kufungia hushika moto, jani la nje huleta pilipili kwa mbali. Ukali wa wastani, usiokwaruza koo.

"Wanatafuta msokotaji mkuu," mwanamke alisema kwenye simu. "Utaonja wewe sigara zetu. Utaijua yangu?"

"Mpenzi, mkono wako naujua hata nikifumba macho."

"Usije ukanipendelea."

"Sikupendelei. Nitakujua tu."

Ulimi hauna mfupa, jamani.

Siku ya kuonja, sigara huletwa bila alama yoyote, ndio utaratibu. Msokotaji, kwa hamu ya kumfurahisha, alikuwa ameongeza jani moja ndani na kukaza kuliko kawaida yake. Mwonjaji akavuta, moshi ukagoma. Akavuta tena, akapata uchungu mtupu.

"Aliyeisokota hii arudi kujifunza," alisema, akaizima. Msokotaji alikuwa amesimama ukutani na wenzake. Alisikia kila neno.

Jioni simu ya msokotaji iliita mara nyingi kabla hajapokea.

"Sikujua ni yako."

"Najua hukujua. Hilo ndilo linaloniuma. Cheo ningekisahau."

"Uliikaza mno, mpenzi. Haikuwa wewe."

"Ilikuwa mimi, siku niliyoogopa. Huyo humjui."

"Nisamehe. Tuoane."

"Nimekusamehe," alisema. "Kuolewa, hapana."

Alihamia kiwanda cha mji mwingine. Kwa mlinzi wa lango alimwachia mwonjaji sigara moja, imefungwa kwenye kitambaa cha kijani.

Mwonjaji aliiwasha peke yake. Moshi ulikuja wenyewe: karanga, kisha pilipili kwa mbali. Aliujua ule mkono kwa pumzi ya kwanza, akalia kama mtoto. Ilipofika nusu akaizima, apate ya kesho. Sigara iliyozimwa, ukiiwasha tena, huwa chungu. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha msokotaji hilo.