Maji ya Majivu Katika Chinsaga

Kila Ijumaa kwetu Gesima ilikuwa siku ya mbio. Nikitoka shule nilichota maji, nilifagia ua, nilipanga kuni, kwa sababu jua likishazama Sabato imeingia, na hakuna mtu wa nyumba yetu ya Wasabato aliyethubutu kuwasha moto. Ijumaa ninayoisimulia ilikuwa ya mwaka 1949. Mimi Nyamoita nilikuwa na miaka kumi na miwili, na mdomo mwepesi kuliko mikono, kama shangazi yangu alivyopenda kusema.

Siku nne kabla, mama yangu Drusilla alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Damu nyingi ilimtoka. Alilala tu, uso umekwajuka, na maziwa yakakataa kutoka. Mdogo wangu alinyonya, akakosa, akalia mpaka sauti ikamkauka. Baba alikuwa kibaruani katika mashamba ya chai kule Kericho na hakujua lolote.

Shangazi Persis, dada wa baba, ndiye aliyemzalisha mama. Asubuhi ile alinishika bega.

"Nyamoita, sikiliza kwa masikio yote mawili. Mzazi aliyepoteza damu hupewa mboga ya chinsaga. Ukitoka shule saa saba, chuma, osha, uchemshe polepole mpaka uchungu wa mboga utoke. Mwaga maji yale, tia maziwa, uache itokote tena. Usiikimbize. Mama yako asipokula leo, sijui kesho itakuwaje. Umesikia?"

"Nimesikia, shangazi."

Nilisikia, ndiyo. Lakini njiani rafiki yangu Margret akaniambia mapera ya kando ya mto yameiva. Nikasema nitakula mawili tu. Ala! Nani amewahi kula mapera mawili tu? Nilipokumbuka sufuria, jua lilikuwa limeshaegemea kilima.

Nilikimbia hadi nyumbani. Nikachuma chinsaga, nikaiweka motoni, nikachochea kuni kama mwendawazimu. Majani yakabaki magumu vile vile. Chumbani mtoto alikuwa analia. Mama akaita kwa sauti ndogo, "Nyamoita, chakula bado?"

Ndipo nilipoona kibuyu cha maji ya majivu. Kwetu tulichoma maganda makavu ya maharagwe, tukachuja maji katika majivu yake. Maji hayo ni makali, nayo hulainisha mboga ngumu. Hutiwa kijiko kimoja au viwili, basi. Mimi nilimimina nusu ya kibuyu. Lo, mboga ikalainika! Sikumwaga maji yale, wala sikuonja. Nilitia maziwa juu, nikapakua pamoja na ugali wa wimbi, nikazima moto kabla jua halijazama. Nikajiona hodari.

Mama alikula tonge la kwanza, akakunja uso. "Mbona kali hivi?"

"Si ndiyo chinsaga, mama? Uchungu ni wake. Shangazi amesema uimalize."

Na kwa kuwa chinsaga ina uchungu kweli, mama aliniamini. Alikula nusu ya bakuli.

Sikuwa nimemaliza kuosha vyombo aliposhika koo. "Nyamoita, naungua," alisema, kisha akaanza kutapika. Jasho lilimtiririka, mikono ikawa baridi. Nilitoka mbio nikimwita shangazi. Alikuja pamoja na Bitutu, jirani yetu.

"Amekula nini?" shangazi aliuliza.

"Chinsaga, shangazi. Kama ulivyoniagiza."

"Ulianza kuipika saa ngapi?"

"Nilipotoka shule."

"Maji ulimwaga?"

"Nilimwaga."

Uongo mara tatu, na kila mara ulitoka kirahisi zaidi. Shangazi aligeuka, akamwambia Bitutu, "Basi si chakula. Ni uchafu wa uzazi uliobaki tumboni. Nitampa dawa ya mizizi ya kuharisha."

"Persis, dawa ile humwangusha mwanamume mwenye nguvu zake," Bitutu alisema. "Huyu hana damu."

"Najua!" Shangazi alikuwa tayari akimimina dawa kikombeni. "Unataka nifanye nini? Nikae nimtazame akifa?"

Nilisimama mlangoni nimembeba mdogo wangu. Alikuwa ameacha kulia, na kimya chake kilinitisha kuliko kilio. Nikisema, kila mtu Gesima atajua kwamba nilitaka kumuua mama kwa ajili ya mapera. Nikinyamaza, je? Niliomba kimoyomoyo: Mungu, mponye mama bila mimi kusema. Mama akatapika tena, safari hii maji matupu. Shangazi alimwinua kichwa, akapeleka kikombe cha dawa midomoni mwake.

"Usimpe!" nilipiga kelele. "Shangazi, usimpe! Ni mimi! Nilichelewa, nikatia maji ya majivu, nusu ya kibuyu! Nimesema uongo!"

Shangazi aliweka kikombe chini. Alikwenda jikoni, akachovya kidole katika masalio ya mboga, akagusa ulimi, akatema. Aliporudi aliinua mkono. Nilifumba macho nikisubiri kofi. Halikuja. Nilisikia dawa ikimwagwa nje.

"Bitutu, maziwa! Mengi, ya baridi! Kimbia!"

Walimnywesha mama fundo moja moja. Giza lilipoingia, kutapika kulikuwa kumekoma. Nilipiga magoti kando ya kitanda.

"Kwa nini hukuniambia?" mama aliuliza.

"Niliogopa, mama."

"Na mimi niliogopa, mwanangu. Nilidhani nawaacha."

Maneno hayo yaliniuma kuliko kofi lolote. Nililia mpaka nikaishiwa machozi.

Asubuhi ya Sabato watu walipita njiani kwenda kanisani. Shangazi alitokea amevaa gauni lake jeupe, lakini mkononi alikuwa na kijinga cha moto.

"Nenda ukachume majani machanga ya malenge," aliniambia.

"Shangazi, leo ni Sabato!"

"Siku za wiki nazijua. Mungu naye anajua nani hajala. Nenda!"

Alinionyesha jinsi ya kuvuta nyuzi za majani, nikayaosha, nikayakatakata. Maji kidogo tu, chumvi kidogo, yakachemka, kisha maziwa. Waumini wa mwisho walikuwa bado hawajapita mboga ikawa tayari. Nilionja kwanza mimi, ndipo nikampelekea mama. Alikula polepole, akamaliza, akaomba zaidi. Shangazi akasema Jumatatu tutampeleka zahanati, hata kama amepata nafuu.

Tulipobaki jikoni, alinitazama machoni.

"Kuchelewa hakukuwa kosa kubwa, Nyamoita. Kila mtu huchelewa. Haraka nayo ina mboga yake, ndiyo hii uliyopika sasa hivi. Ungekuja jana ukasema, 'Shangazi, nilikwenda kula mapera,' ningekugombeza, tungechuma majani ya malenge, na mama yako angekula ashibe. Hata baada ya kuharibu, ungesema kweli nilipokuuliza, ningempa maziwa mapema. Lakini ulinidanganya, na mimi kwa kukuamini nikataka kumnywesha dawa ya kummaliza. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe ulificha, na kifo kilikuwa kinamjia mama yako."

Nilikisogeza kibuyu cha maji ya majivu mbali na jiko.

"Ukikosea, sema mapema," aliendelea, sauti ikiwa imelainika. "Sema hata kama utachapwa. Fimbo hupona."

Kutoka chumbani tulisikia mtoto akinyonya, akinyamaza, akinyonya tena. Shangazi aliinua kidole tusikilize. Kisha tukasikia anameza maziwa.