Mafundo Chini ya Manyoya ya Popi

Kila jioni akitoka shule, Bochaberi alikuwa na kazi mbili: kumkatia ng'ombe majani na kumchana Popi. Ya kwanza aliifanya bila kinyongo. Ya pili ilimchefua roho.

Popi alikuwa mbwa mdogo mweupe mwenye manyoya marefu, mdogo hivi kwamba alienea kwenye beseni. Shangazi Bathsheba alimfuga nyumbani kwake Kiogoro. Alipohamia nyumba ya kupanga ambayo mwenye nyumba hakutaka mbwa, alimleta kijijini Gesima kwa kaka yake Abner, babake Bochaberi.

"Huyu si mbwa wa kulinda," shangazi alieleza. "Ni wa kukaa na watu. Akiachwa peke yake hukasirika, akabweka ovyo. Mchane kila siku hadi kwenye ngozi, Bocha, la sivyo manyoya yatajifunga mafundo."

Nani alimsikiliza? Bomani mwao mbwa hufungwa mchana, akafunguliwa usiku.

"Mbwa akizoea watu, atamkaribisha hata mwizi," Nyanya Nyamoita alifoka. "Na huyu asiingie jikoni mwangu!"

Popi akafungwa mnyororo kando ya banda la ng'ombe. Alitetemeka kwa baridi na kubweka kutwa. Wavulana waliopeleka majani chai kwenye kituo cha kuuzia walipita wakicheka: "Bochaberi, kondoo wenu anabweka!"

Bochaberi aliona aibu, na aibu ile ikageuka chuki. Basi alimpitishia Popi brashi juu juu, mgongoni tu, mahali ambapo mama angeona. Jumamosi hakumgusa kabisa. "Leo ni Sabato, hatufanyi kazi," alisema. Siku nyingine mama alipomuuliza kama amemchana vizuri, alijibu "Ndiyo, mama," bila hata kupepesa macho.

Popi akaanza kumngurumia kila aliyemkaribia. Watu wa boma nao walimkaripia, na Nyanya akamrushia kuni.

Jumapili moja Mokeira, mdogo wake Bochaberi wa miaka minne, alimwinua Popi kwa kumshika makwapani. Popi alilia kwa uchungu, akageuka, akamng'ata mkono.

Mama alimkimbiza Mokeira kwenye mfereji, akaufungua, akaosha jeraha kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka. Majirani wakajaa uani.

"Ana kichaa huyo!"

"Mmalizeni kabla hajang'ata mwingine!"

Abner alichukua rungu. Popi alirudi nyuma hadi mnyororo ukamkaba, meno nje.

Bochaberi alijua kwa nini Popi alikuwa amemng'ata mdogo wake. Angenyamaza, mbwa angekufa, na hakuna ambaye angejua uongo wake. Hilo ndilo lililomtisha zaidi.

"Baba, usimpige! Kosa ni langu!" alipaza sauti. "Sikumchana. Nilidanganya. Makwapani ana mafundo, ukimwinua yanavuta ngozi."

Abner alimtupia Popi gunia, akamshika na kupapasa chini ya manyoya. Mafundo yalikuwa magumu kama tope lililokauka. Ngozi chini yake ilikuwa nyekundu, imejaa kupe.

Aliweka rungu chini. "Kwa hiyo aliyemng'ata Mokeira ni wewe," alisema.

Hakuna aliyemtetea Bochaberi.

Mokeira alipelekwa hospitali, akadungwa sindano. Daktari wa mifugo alikuja kumkagua Popi, akamnyoa manyoya yote, akaagiza aangaliwe kwa makini kama ataonyesha dalili za kichaa. Kwa kuwa sasa hakuwa na manyoya, tangu siku hiyo Popi alilala jikoni penye joto. Nyanya alinuna, lakini hakumfukuza. Bochaberi akimsogelea, Popi alionyesha meno.

Jumamosi moja, baada ya kutoka kanisani, mama alikuwa akimkama ng'ombe. Alimwita Bochaberi.

"Leo ni Sabato. Mbona ninakama?"

"Asipokamwa, kiwele kitamuuma."

"Kumbe ulijua!" Mama hakutabasamu. "Ungekuwa hujui, ningekusamehe upesi. Mnyama tunayemfunga hawezi kujitunza, mwanangu. Kumtunza hakuna likizo. Na ukisema umefanya kazi ambayo hukuifanya, kuna mtu atakayeumia. Safari hii aliumia mdogo wako."

Machozi yalimlengalenga Bochaberi. Alichukua brashi, akaenda kuketi sakafuni jikoni, bado amevaa gauni la kanisani. Popi alinguruma. Bochaberi hakuondoka wala hakumshika kwa nguvu. Alingoja, mkono wazi, hadi Popi akanyamaza na kumnusa vidole. Ndipo akaanza kumchana manyoya mafupi yaliyokuwa yakiota upya, polepole, kuanzia mgongoni.

"Na makwapani!" Nyanya Nyamoita alifoka akiwa kando ya moto.

"Ndiyo, Nyanya," alijibu Bochaberi, na safari hii ilikuwa kweli.