Uzi wa Koplo Wanyama

Rael alimtolea mumewe miba ya samaki kila jioni. Majirani wa mtaa wa Wiyoni walidhani ni mahaba tu. Kumbe mume huyo, Koplo Wanyama wa polisi, alikuwa haioni. Umri ulikuwa umesogea, na vitu vya karibu vilikuwa na ukungu.

Jioni moja hata samaki hakumgusa. Alikuwa ametoka kulenga shabaha, na risasi zote zilipita kando.

"Nimebakishiwa jaribio moja," alimwambia Rael. "Nikikosa tena, nanyang'anywa bunduki, narudishwa nyumbani. Kile chuma kidogo cha kulengea, kule mwisho wa mtutu, sikioni vizuri."

Asubuhi aliazima miwani ya jirani, Bwana Muhdhar, mwalimu wa chuo cha Kurani. Miwani hiyo ilizunguka mtaa mzima kama kinu. Kila aliyepata barua aliiazima. Wanyama alikwenda kambini, akalenga kwa bunduki isiyo na risasi. Maskini! Chuma bado kilikuwa na ukungu, na shabaha ilipotea kabisa.

"Nguo ya kuazima haisitiri matako," Rael alimtania, ingawa naye alikuwa na hofu.

Bwana Muhdhar hakucheka aliporudishiwa miwani. Alionyesha macho yake kwa kidole. "Bwana Wanyama, mato yangu si mato yako. Hiyo ni ya kusomea msahafu, nao huuweka hapa karibu na kifua. Bunduki yako ni ndefu. Nenda kwa Bi Keziah."

Bi Keziah, muuguzi wa macho, alimsikiliza Wanyama mpaka mwisho. "Bunduki iache kambini," alisema. "Hakikisha haina risasi, kisha pima kwa uzi kutoka jichoni mpaka kwenye hicho chuma. Niletee uzi."

Wanyama aliuleta. Bi Keziah aliunyoosha kutoka karibu na jicho lake, akashika sindano mwisho wa uzi, akambadilishia vioo mpaka sindano ikaonekana wazi. Vilikuwa hafifu kuliko vya kusomea.

"Lakini mbali kuna ukungu kidogo," Wanyama alilalamika.

"Na uwepo. Jicho la umri wetu haliwezi kuona wazi karibu na mbali kwa pamoja. Wewe chagua chuma cha mbele. Shabaha ni kubwa, katikati yake utaijua tu. Na utazame katikati ya kioo, si pembeni."

Siku ya jaribio, Wanyama alivaa miwani yake mpya, akakikazia macho kile chuma. Risasi zikaingia katikati, moja karibu na mwenzake.

"Baki na bunduki yako, Koplo," Inspekta aliyesimamia jaribio alisema. Machozi yalimlengalenga Wanyama, wala hakuona haya.

Fanuel, polisi mwenzake mwenye mvi, alimvuta kando. "Ndugu yangu, hebu niazime hiyo miwani."

Wanyama akatia mkono mfukoni, akatoa kipande cha uzi.

"Mato yangu si mato yako," alisema. "Shika huu, ukapime."